Aliyegundua kuwa mahubiri yangu yanafuata mbalamwezi hakuwa mimi

Mchunga wa Mwaloni:

Mwangaluka wakuu. Bwana asifiwe kwa wa kwetu, na wengine wote salaam zenu nazileta.

Hili jambo nimekaa nalo muda, mama watoto kaniambia andika tu litoke, basi vuta kiti. Mi ni mchungaji, huu mwaka wa 14, kanisa dogo la kilokole upande wa Ilemela hapa Mwanza, pembeni ya mwalo, yaani pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na kushusha mzigo. Jina la mwalo silitaji maana huku tunajuana mpaka mbuzi wa nani kala mchicha wa nani, nikitaja mwalo nimemtaja kila mtu.

Kwa ambao hamjakaa kando ya Ziwa Victoria niwaeleze kitu kimoja kwanza, bila hicho hamtanielewa. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, saivi ni taa za betri na sola. Taa inaelea juu ya maji, wadudu wanakuja, dagaa nao wanakuja, watu wanazungusha wavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima ni taa, dagaa hana sababu ya kuifuata ya kwako, wametawanyika, unakesha na unarudi na nusu ndoo ambayo hata mafuta ya injini hairudishi. Kwahiyo mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapaki, kama siku kumi hivi, watu wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao, wengine wanalewa, wengine wanakuja kanisani. Giza likirudi wote wanapotea, wako ziwani na kwenye makambi ya visiwani huko.

Ndo maana mchungaji wa mwaloni ana makanisa mawili ndani ya jengo moja. La mbalamwezi benchi zimejaa wanaume hadi vijana wanasimama mlangoni, ila kapu ni jepesi. La giza unahubiria bibi watatu, watoto, na kwaya nusu, lakini sadaka inaingia kwenye simu, au mama anapita mbio mikono inanuka dagaa anakuwekea noti halafu anarudi kuanika. Nimewahi kuhesabu watu 140 na shilingi elfu 38. Nimewahi kuhesabu watu hamsini na kitu na laki mbili na kumi. Kanisa hilohilo, wiki mbili tofauti.

Na posho yangu enzi hizo ilikuwa ni kile kinachobaki baada ya umeme, maji na mchango wa makao makuu. Yaani mi nilikuwa naishi kwa mwezi kama dagaa tu.

Mhazini wetu ni mama mmoja muanikaji wa dagaa, nitamwita Mama Mhazini. Kaishia la saba lakini kaunta buku lake ukiliona utadhani katoka chuo cha uhasibu, mistari imenyooka, hakuna kufutafuta. Na ana kitabia kimoja, pembeni ya sadaka ya kila Jumapili anaandika neno la siku hiyo. Hakuna aliyemtuma, anasema inamsaidia kukumbuka ilikuwa Jumapili ipi.

Sasa Jumapili moja ibada imeisha, watu wametawanyika, nikamuona amekaa benchi la nyuma amepakata lile buku, anasubiri. Nikajua kuna upungufu wa hela. Akaja akasema, Baba Mchungaji, samahani, nina neno dogo. Akafungua. Akaweka kidole. Akasema hebu soma pembeni huku tu, hela achana nazo.

Nikasoma. Mbalamwezi, Malaki 3, zaka. Mbalamwezi iliyofuata, mjane na senti zake mbili. Iliyofuata, apandaye haba atavuna haba. Iliyofuata Anania na Safira, yaani hapo nilikuwa nimeshafika kwenye kutishia watu kifo. Giza lote katikati: neema, upendo, Zaburi ya 23, neema tena, ndoa.

Akaniuliza, kwa heshima kabisa, mikono amekunja, "Baba, hivi Roho Mtakatifu naye anaangalia mwezi?"

Wakuu, nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Swali la kwanza lililonitoka mdomoni unajua lilikuwa lipi? "Nani kakutuma?" Akasema sijatumwa na mtu, ni daftari lenyewe. Akaniamkia akaondoka.

Nitaendelea, nina msiba nawahi Igoma.

---

Sangara Mbichi:

Mkuu umekata pabaya. Nimekaa hapa

Kimyakimya:

Hao ndo walivyo wote, leo mmoja kajisema mwenyewe. Sadaka sadaka sadaka. Mi niliacha kwenda baada ya kuuziwa maji ya upako

mama_K:

Kimyakimya acha mtu amalize bhana. Baba Mchungaji pole na msiba, ukirudi utuambie huyo mama ulimfanyaje maana nawajua wachungaji

---

Mchunga wa Mwaloni:

Nimerudi. Mama K umenishika palepale.

Nilitaka kumtoa. Ndo ukweli. Sikutaka aonekane kafukuzwa, hapana, nilitaka ile ya kistaarabu ya "mama umetumika muda mrefu, tupe na vijana nafasi". Mnaijua hiyo. Nyumbani nilimsimulia mke wangu nikitegemea atasimama upande wangu, akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema we hujijui tu, sisi humu ndani mwezi ukianza kunenepa tunajua Baba ataanza kununa, hata watoto hawakuombi hela ya daftari wiki hiyo. Kumbe nyumba nzima inajua, kanisa linajua, mi peke yangu ndo nilikuwa nadhani napokea ujumbe kutoka juu.

Bado nilikuwa na hasira. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kanisa, Mkerewe, mvuvi wa zamani, nikamwambia nafikiria mabadiliko kwenye uhazini. Yule mzee ni mtu wa maneno machache, anaweza akakaa na wewe saa nzima mnaangalia ziwa. Akaniuliza sababu. Nikazunguka weee. Akaniacha nimalize halafu akaanza kunieleza habari za MV Nyerere.

Wengi mnaikumbuka. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi, kivuko kinatoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara huko Ukerewe, kikapinduka karibu na gati ya Bwisya, watu wa nchi kavu wanakiona kwa macho yao. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi mia mbili. Mzee alipoteza majirani wa utotoni mle, na alikuwepo kwenye maziko. Akaniambia hivi, mchungaji, unadhani mle ndani hapakuwa na mtu aliyeona kwamba kimejaa? Akina mama waliona. Watoto waliona. Mtu akiona anamwambia nani? Sasa wewe umepata mtu amekuona umezidisha mzigo na amekuja kukwambia bado mko gatini, unataka umshushe yeye.

Halafu akarudi kuangalia ziwa, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mama Mhazini mpaka leo ni mhazini. Sikumuomba msamaha siku hiyo, wala wiki hiyo, nisijipambe. Ilinichukua kama miezi miwili na niliuomba vibaya, kwa kuzunguka, nikaanza kusifia mwandiko wake. Akanielewa.

---

Mtu wa Buhongwa:

Dah hapo kwa mzee nimesimama kidogo. Mi nilikuwa Nansio, Ukerewe kulekule, wiki ile. Acha tu

Kimyakimya:

Ok naendelea kusoma. Ila swali, ukishajua ndo ukafanyaje? Njaa si iko palepale

---

Mchunga wa Mwaloni:

Swali zuri kuliko yote. Njaa ilikuwa palepale kweli. Nilijaribu kwanza kwa nguvu za kiroho, nikaweka nadhiri kwamba mbalamwezi sitahubiri utoaji, nikafunga na siku tatu. Unajua kilichotokea? Nilihubiri "kumtegemea Mungu", ila kwa sauti ambayo kila mtu alijua namaanisha nini. Mdomo ulikuwa umebadilisha andiko, tumbo lilikuwa halijabadilisha. Kijana mmoja akanitumia elfu tano kwenye simu na meseji "Mchungaji nimekuelewa". Nikaona aibu mpaka leo ile meseji sijaifuta.

Ikabidi nitafute kazi ya mikono. Mi ujanani nilishona cherehani Mabatini pale, kwahiyo uzi na sindano navijua. Nikaenda mwaloni kwa washona nyavu. Mnaowaona wamekaa chini wavu wameutandaza mapajani, dole gumba la mguu limeshika ncha moja, sindano ya mti inapita na kurudi, unaweza kudhani ni kazi ya wazee wasio na nguvu. Aisee. Siku ya kwanza nilipewa kitundu cha upana wa kiganja, nikakishona saa moja na nusu, fundi akaja akaangalia, akatoa kisu akakata kazi yangu yote. Hakusema kitu. Macho ya wavu yakiwa hayalingani dagaa wanapita au wavu unachanika hapohapo tena, sasa mi nilikuwa nimeshona kama naziba soksi.

Wiki za kwanza walikuwa wakiniona "Shikamoo Mchungaji" halafu kimya, mtu anazima redio, mwingine anaficha sigara. Baadaye wakanisahau. Na hapo, wakuu, ndo nilipoanza kusikia kanisa langu linaongea.

Nilikuwa sijui hesabu za mtumbwi. Miaka yote hiyo nahubiri zaka kwa wavuvi na sijui hela yao inagawanywaje! Kumbe mzigo ukiuzwa kwanza yanatolewa matumizi, mafuta, chaji ya betri, chakula, halafu kinachobaki kinagawanywa, tajiri mwenye mtumbwi na nyavu anachukua nusu, nusu nyingine ndo wanagawana waliokesha, watu wanne au watano. Na wengi wana deni kwa tajiri tangu mwezi uliopita wakati wa mbalamwezi walipokopa unga, kwahiyo na hiyo inakatwa. Kijana mmoja huku anavuta sindano akaniuliza bila hata kuniangalia, "Mchungaji, hivi zaka natoa kabla ya kutoa mafuta au baada? Na kabla ya deni la tajiri au baada? Maana nikitoa kabla ya yote, mi ndo nakuwa nadaiwa na Mungu".

Nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu. Hilo swali halikuwepo kwenye mtihani.

Nikamjibu toa kwenye kile kilichofika mkononi mwako, kingine hakijawa chako. Najua kuna watumishi watanipinga hapa, sawa, waje wakae chini wavu uwakate vidole kwanza.

Na lingine la kuchekesha. Nilikuwa nawasimulia Luka 5, Petro alivyokesha usiku kucha asipate kitu. Fundi yule aliyekata kazi yangu, ambaye wala hajaokoka, akasema "Hiyo ilikuwa mbalamwezi tu hiyo, mbona rahisi". Watu wakacheka mpaka wavu ukaanguka. Ila usiku nikakosa usingizi. Maana ipo na ile ya Yohana 21, wamevua usiku kucha hola, na ile ni baada ya Pasaka, na Pasaka ya Wayahudi inaangukia katikati ya mwezi wao, mwezi mpevu! Nikaamka nikawasha taa ya simu nikafungua Biblia. Hesabu haikukaa vizuri sana, kuna zile siku nane za Tomaso katikati, mwezi ungekuwa umeshaanza kuliwa. Na wale walikuwa na samaki wao, sio dagaa wetu. Kesho yake nikampelekea majibu yule fundi kwa umakini kabisa, akaniangalia, akasema mchungaji we una muda.

Siku hizi anakuja ibadani mara mojamoja. Anakaa nyuma na anatoka kabla ya matangazo.

---

Pst wa Sengerema:

Mtumishi mwenzangu nakusalimu katika Jina. Nimesoma yote na nimebarikiwa ila nina angalizo. Maandiko yako wazi mtenda kazi astahili ujira wake, na Paulo mwenyewe anasema waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Ukiandika hivi watu wanachukua upande mmoja tu, kesho wazee wa kanisa langu wataniambia nenda ukashone nyavu. Huku kwetu mimi nalipwa mihogo na mchele mtumishi. Watoto hawaendi shule kwa mihogo.

Kimyakimya:

Mchungaji Sengerema hapo umeongea kama mtu

Sangara Mbichi:

😂😂 kashone nyavu tu mkuu kuna hela

---

Mchunga wa Mwaloni:

Mtumishi wa Sengerema, nakusalimu, na uko sahihi, wala sibishani. Paulo aliyesema hivyo ndo huyohuyo alikuwa anashona mahema Korintho na Akila na Prisila. Haki alikuwa nayo, akachagua kutoitumia pale. Na kwengine alipokea misaada, Wafilipi walimtumia. Kwahiyo sisemi mchungaji asilipwe. Wazee wako wakikuletea uzi huu waambie mwenye uzi kasema wakulipe.

Na kwetu haikuishia kwenye nyavu. Nyavu zenyewe zinalipa ndiyo, ila zinalipa wakati gani? Mbalamwezi, watu wakipaki. Nikawa nimepata mkate wangu wiki zilezile nilizokuwa na njaa, lakini bado posho yangu ilikuwa inapanda na kushuka, na nilikuwa najikuta naomba giza liwe refu. Aliyemaliza jambo ni yuleyule Mama Mhazini. Kwenye kikao cha mwaka akafungua buku, akajumlisha mapato ya miezi 12, akagawa, akasema Baba apewe kiasi kimoja kila mwisho wa mwezi, laki moja na themanini, giza liwe giza mbalamwezi iwe mbalamwezi, na ya giza inayozidi iwekwe benki tusiiguse. Mzee mmoja akauliza je ikipungua? Akasema Yusufu alihifadhi nafaka miaka saba na nyie mnashindwa wiki mbili?

Ikapita. Laki moja na themanini sio hela nyingi, tusidanganyane, mke wangu ana banda la mboga na mi bado nashona. Lakini ile hali ya kusimama madhabahuni Jumapili huku jicho moja liko kwenye kapu ilikatika, na haikukatika kwa kufunga na kuomba, ilikatika kwa hesabu ya kugawa kwa 12. Hili limenisumbua kidogo kiimani nisiwafiche. Nilitegemea kuponywa kwa namna nyingine.

Tukabadilisha na saa. Wakati wa giza akina mama asubuhi wanapokea mzigo, wanaanika, na dagaa ukimuacha mvua ya ghafla ikampiga anakuwa wa chakula cha kuku, bei inaanguka. Mi nilikuwa nawasema "mnapenda dagaa kuliko Mungu". Saivi giza likiingia ibada ni saa 8 mchana, wameshakusanya, wanakuja na magunia wanayaegesha ukutani. Kanisa linanuka, ndiyo. Mwangalizi, yaani mkubwa wetu wa kanisa, alipotutembelea alifungua dirisha yeye mwenyewe.

---

mama_K:

Baba Mchungaji we ni mchungaji wa kweli. Mbarikiwe na mama mhazini

Mtu wa Buhongwa:

Nakazia

Mvuvi Mstaafu:

Mleta uzi nakufahamu. Sitasema jina. Uzi mzuri sana ila umesahau kuwaambia watu habari ya bati

---

Mchunga wa Mwaloni:

Nilijua tu.

Nimekaa na hii komenti tangu jana jioni. Nilikuwa nataka kuuacha uzi uishie pale kwa Mama Mhazini, ningeonekana mtu mzuri. Haya.

2018, kabla ya hayo yote ya daftari, ilikuja ile Operesheni Sangara. Wavuvi mnaikumbuka, nyavu haramu zinasakwa mwalo kwa mwalo, zinarundikwa, zinachomwa moto. Kokoro kwa asiyejua ni ule wavu wa kuburuta kutoka majini mpaka ufukweni, macho madogo, unazoa kila kitu, sato wachanga, sangara wachanga, mayai, yaani unavua na kesho yako. Umekatazwa kisheria na kila mtu mwaloni anajua umekatazwa na kila mtu anajua nani anao.

Kanisa letu wakati huo lilikuwa na kuta na turubai. Mvua ikinyesha tunahamia upande mmoja kama abiria. Tajiri mmoja, muumini wetu, mtoaji mzuri, akaja usiku nyumbani. Akasema Mchungaji nimeguswa, Bwana amenisemesha kuhusu nyumba yake, naleta bati 60 na mbao. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Tukaomba. Baada ya ameni akabaki amekaa. Akasema kuna kamzigo kadogo naomba kakae stoo ya kanisa siku mbili tatu, hali ikitulia nakachukua.

Sikuuliza ni mzigo gani. Hapo ndo dhambi yangu ilipo, sikuuliza, kwa sababu nilikuwa najua.

Stoo yetu ni kachumba nyuma ya mimbari, ukuta mmoja. Siku mbili zikawa wiki tatu. Jumapili tatu nimesimama pale nahubiri na kokoro limelala mita moja nyuma ya mgongo wangu, na Jumapili mojawapo, wasikilizeni hawa wachungaji, nilihubiri Akani. Yule aliyeficha vitu vya wakfu ardhini ndani ya hema yake. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Wavu uliokaa majini una harufu yake, haifanani na ya dagaa mkavu. Akina mama wa kwaya walikuwa wanaangaliana. Nadhani kanisa zima lilijua kufikia Jumapili ya pili, na hakuna aliyesema, kwa sababu wote tulikuwa tunanyeshewa.

Baadaye nilipoanza kushona nyavu nilikaa na wazee pale wanasimulia zamani, kwamba pale pale mwaloni mtoto alikuwa anatupa ndoano anapata sato wa kula nyumba nzima, saivi mtumbwi unaenda kutwa nzima mpaka visiwani huko kufuata samaki. Wanaongea halafu wananyamaza. Wote wanajua mi nilihifadhi nini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia usoni, hadi wewe Mvuvi Mstaafu jana, humu.

Kwahiyo Mama Mhazini aliponifungulia daftari, kile kilichonipandisha hasira haikuwa Malaki 3. Niliogopa kwamba ukurasa unaofuata ni wa bati.

---

Kimyakimya:

Sasa mi sijui niseme nini. Heshima mkuu

Pst wa Sengerema:

Mtumishi. Mimi pia nina bati zangu. Sio za kokoro ila ninazo. Nitakupigia

Sangara Mbichi:

Na huyo tajiri je? Na uliwaambia kanisani?

---

Mchunga wa Mwaloni:

Tajiri alihama, yuko kisiwani huko, tunasalimiana kwa simu sikukuu. Simlaumu sana, yeye aliomba stoo, mwenye funguo nilikuwa mi.

Kanisani niliwaambia, ndiyo, ila ni juzijuzi tu, mwaka wa pili huu. Kwanza kwenye kikao cha wazee. Nikasema nipo tayari kusimama pembeni. Yule mzee Mkerewe akasema ukae, na utasema mbele ya watu, na utasema wakati wa mbalamwezi ili wanaume wawepo. Nikasema. Kanisa lilikuwa kimya, nasikia jenereta la jirani. Halafu bibi mmoja wa benchi la mbele akaniuliza kwa Kisukuma, tena kwa sauti, kama maana yake ni kwamba tuzing'oe. Watu wakaangua kicheko, na mi nikacheka na machozi yananitoka.

Kikao kilikaa mara tatu juu ya hilo. Wengine walisema tuuze bati tutoe hela kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wengine wakasema mvua haijui historia. Tulichokubaliana ni kwamba kila mwaka tunatenga kiasi, thamani ya bati 60 igawanywe miaka sita, tunanunulia nyavu za macho halali vijana wanaoanza wasio na tajiri. Tumeshatoa mwaka mmoja. Mwaka huu bado, giza lilikuwa baya, upepo mwingi.

Bati zipo. Upande wa ziwa misumari imeanza kulegea, panavuja usawa wa kwaya ya kina mama, wameweka ndoo, na wameshazoea wanaimba wameizunguka. Fundi amesema ni lami na misumari mipya, elfu arobaini na tano. Nimemuuliza Mama Mhazini jana kama ipo, kaangalia juu kwanza, mwezi uko robo tatu, akasema Baba subiri wiki mbili.